Bastola ya kwanza kwa mgeni wa shabaha, na mfuko umetoboka: nianze na ipi?

#1 (Mtoa mada)

Wakuu, salaam kwenu.

Tangu nizaliwe sijashika bastola zaidi ya ile ya maji ya utotoni. Taratibu za kibali nimezimaliza, darasa la awali nimepita, ila ninachokijua bado ni cha kwenye daftari. Nataka bastola ya kwanza, ya bei nafuu, ya kujifunzia kulenga shabaha.

Shida ni washauri. Rafiki mmoja anasema nichukue kale kadogo kanakoingia mfuko wa suruali, eti kwa mgeni ndiko rahisi. Mwingine ananicheka nikitaja .22, ile ya risasi ndogo, anaiita ya kuwindia panya. Muuzaji naye kila nikigusa kitu ananionyesha kingine cha bei ya juu zaidi. Mngekuwa mimi mngeanza na nini? Kejeli kidogo ruksa.

#2

Karibu mkuu. Vuta kiti, nitakuwa mrefu, kwa sababu huyo rafiki yako wa kadogo ndiye aliyenishauri na mimi, au pacha wake.

Bastola yangu ya kwanza ilikuwa hivyo hivyo: revolva fupi (ile ya silinda inayozunguka) ya risasi tano za .38, gramu mia nne na ushee. Nikaona nimelamba dume. Siku ya kwanza uwanjani, risasi ya kwanza ilipotoka mpini ukanigonga kwenye nyama ya kidole gumba kama nimepigwa na nyundo ya mbao. Ya pili nikakaza mkono. Ya nne tayari nilikuwa nafumba macho kabla sijabonyeza. Karatasi iko mita saba tu, na matundu yote yamekwenda chini kushoto, mengine hata karatasi hayakuigusa. Nikalaumu vilengeo.

Kulikuwa na mzee mmoja pale, mtu wa maneno machache. Akaniomba bastola, akanipa mgongo, akaijaza mwenyewe na kunirudishia bila kuniambia kwamba kati ya zile tano, mbili ni za bandia. Nikapiga moja, ikalia. Ya pili: tik. Hakuna mlio, hakuna moto, lakini mdomo wa mtutu uliinama mbele ya macho yangu kama kichwa cha mtu anayesinzia mkutanoni. Yaani mkono wangu ulikuwa unaisukuma bastola chini, unapigana na teke ambalo halijaja. Mzee akasema, "Umeona?" Akarudi kukaa.

Ilinichukua karibu miezi minane kuutoa ule ugonjwa mkononi, na dawa yake ilikuwa .22 ya kuazima.

Sababu yenyewe haina uchawi. Risasi ikienda mbele, bastola inarudi nyuma, na kadiri ilivyo nyepesi ndivyo inavyorudi kwa kasi. Kwa risasi ile ile, ukipunguza uzito wa bastola kwa nusu, nishati ya teke inakuwa maradufu. Kwa hiyo kale kadogo hakakutengenezwa kwa ajili ya mgeni. Kametengenezwa kwa ajili ya mtu anayejua tayari na anayetaka kubeba bila kuonekana. Halafu mtutu ni mfupi, kinundu cha mbele na mwanya wa nyuma vya kulengea vimekaribiana, ukikosea hapa upana wa unywele kule umekosea kiganja kizima.

Mimi ningechukua .22 LR (Long Rifle, ndiyo .22 ya kawaida), mtutu wa inchi nne mpaka tano na nusu, yenye uzito wa kueleweka. Hii risasi ipo tangu 1887. Kichwa chake ni gramu 2.6 hivi, wakati cha 9mm, risasi ya kawaida ya bastola kubwa, ni gramu 7.5 mpaka 8, na nguvu yake ikitoka kwenye bastola ni kama robo ya ile ya 9mm. Unapiga mia moja na bado mkono unatamani.

Na hapa ndipo mfuko unapoingia. Ukienda uwanjani mara mbili kwa mwezi, risasi mia kila safari, kwa mwaka ni 2,400. Piga kwanza hesabu ya hizo 2,400, kwa .22 na kwa 9mm, ndipo urudi kwenye bei ya bastola. Wanunuzi wa mara ya kwanza wanagombania punguzo la bastola mpaka jasho linawatoka, halafu risasi zinawamaliza miezi mitatu baadaye, bastola inabaki kabatini.

Za kutazama: Ruger za ukoo wa Mark, zilizoanza mwaka 1949. Mark IV ya 2016 unaifungua kwa kitufe kimoja. Zile za kabla yake zinapiga vizuri sana, ila kuzirudisha baada ya kusafisha kunaweza kukuharibia Jumapili yako, ndiyo maana mtumba wake huwa na bei ya kirafiki. Browning Buck Mark, ya tangu 1985, sijawahi kukutana na mwenye nayo anayejuta. Taurus TX22 ya 2019 ni nyepesi kidogo, inakula risasi 16, na imekaa mkononi kama bastola kubwa ya kawaida. Ukishuka chini kabisa kwa bei kuna revolva za mtindo wa kale, Ruger Wrangler na Heritage Rough Rider: unakoki nyundo kwa kidole gumba kila risasi, unajaza moja moja kupitia kijidirisha cha pembeni. Polepole kama kupika maharage. Kwa mgeni huo upole ni faida, kwa sababu hakuna namna ya kumwaga risasi hovyo.

Hiyo ya panya mwambie rafiki yako ajaribu kuigonga sahani ya chai kwa mita ishirini na tano ndipo arudi kucheka.

#3

Mkuu wa #2 umeandika vizuri ila napinga.

Mtoa mada kasema mfuko umetoboka. Mtu wa hivyo hana pesa ya bastola mbili. Akianza na .22, baada ya mwaka atataka 9mm, atauza ile kwa hasara, ataanza upya. Anunue moja atakayokaa nayo: 9mm ya ukubwa wa kati au kamili. Risasi hiyo ilitoka kwa Georg Luger mwanzoni mwa karne iliyopita na leo ndiyo imeenea kuliko zote kwenye bastola. Magazini (vibebeo vya risasi vya kuchomeka kwenye mpini) zipo, springi zipo, vifuko vya kiunoni vipo, na kila mwalimu anaijua.

Na 9mm kwenye bastola kamili haina teke la kumtoa mtu machozi. Ulichopiga wewe kilikuwa .38 kwenye kitu cha gramu mia nne, usitie 9mm zote kapu moja. Chukua kitu cha gramu mia sita mpaka mia saba hivi, mikono miwili, kiwiko hakijalegea, unashangaa ilivyo tulivu.

Mifano: Glock 17 jeshi la Austria liliichukua mwaka 1982, na Gaston Glock mwenye kampuni kabla ya hapo hakuwa mtu wa bastola kabisa. Leo mitumba yake iliyotoka kwa askari ni mingi: nje imechakaa kwa kuingizwa na kutolewa kwenye kifuko, ndani haijapigwa sana. Smith & Wesson M&P ni hivyo hivyo. Ukitaka mpya ya bei ya chini kuna Canik za Uturuki, Taurus G3, Ruger Security-9. Hamna hata moja kati ya hizo itakayokuzidi akili mwaka wa kwanza.

Tena .22 zina uchafu jamani. Baruti yake inaacha masizi, na risasi za bei ya chini hazilii zote. Mgeni anakuja kujifunza kulenga, anaishia kujifunza ufundi.

#4 (anamjibu #3)

Mwalimu mzuri ndiye anayetatua hilo lote. Mpeni mwalimu, hata bastola mbovu atapiga.

#2 (tena)

#3, la mtumba wa askari nakubali mia kwa mia. La risasi kutolia pia ni kweli: baruti ya kuwashia ya .22 imepakwa kwenye ukingo wa ganda, ikikosekana upande uliogongwa, haiwaki. Ila mimi hilo naliona zawadi. Ile tik isiyotarajiwa inakuonyesha mkono wako kama mzee alivyonionyesha wangu, bure.

Kwa mtu mwenye nafasi ya bastola moja tu, na anayetaka pia ya kulinda nyumba, sawa, 9mm kamili. Yeye kasema shabaha.

#5

Kaka zangu, mnazungumza gramu na inchi, hakuna aliyemuuliza mkono wake ukoje.

Mimi mume wangu aliniletea zawadi. Nzuri, nyeusi, mpini mnene wa magazini ya safu mbili. Ili kidole changu kifike kwenye triga ilibidi niuzungushe mkono mzima, teke likawa linatua kwenye kifundo cha kidole gumba badala ya kiganjani. Nilidhani ndivyo ilivyo kwa kila mtu. Mwalimu alinitazama dakika mbili akasema, "Dada, hii ni ya mwenye mkono wa kupakulia zege."

Kipimo ni hiki, na unakifanya dukani bila risasi hata moja. Kwanza hakikisha mwenyewe kwamba haina kitu: toa magazini, vuta slaidi (kile chuma cha juu kinachoteleza nyuma na mbele), tazama chemba (tundu inapokaa risasi ya kupigwa), tia kidole cha mwisho ndani uguse. Hata kama muuzaji kakagua mbele yako, kagua tena. Halafu ishike, ule upinde kati ya gumba na shahada ukae juu kabisa mgongoni mwa mpini, na mtutu uwe mstari mmoja na mfupa wa mkono wa mbele. Usijisogeze. Sasa peleka kidole kwenye triga, bastola ikitazama mahali salama. Nyama ya ncha ya kidole ikikaa katikati ya triga bila kujivuta, mpini ni wako. Ikifika ncha ya ukucha tu, au kidole kikapitiliza mpaka kiungo cha kwanza, rudisha kabatini hata kama inauzwa nusu bei.

La pili ni kuvuta slaidi. Wanawake wengi na wazee tunaambiwa "huna nguvu, chukua revolva". Siyo nguvu, ni namna. Usiibane kwa vidole viwili kama unachomoa sindano. Isogeze bastola karibu na kifua, mdomo ukiendelea kutazama shabaha, funika slaidi kwa kiganja kizima nyuma ya tundu la kutolea maganda, halafu *sukuma mpini mbele* kwa mkono wa triga huku ule mwingine umeing'ang'ania slaidi. Ikifika mwisho, iachie ijirudishe yenyewe. Ikishindikana bado, zipo zilizotengenezwa kwa hilo: Smith & Wesson walitoa Shield EZ ya .380 mwaka 2018, springi yake laini. Na .22 nyingi slaidi zake utavuta huku unapiga soga.

Nyongeza moja kwa uchungu. Gumba la mkono wa pili lisikae nyuma ya slaidi, likivuka mgongoni mwa mpini. Nilifanya hivyo mara moja. Slaidi iliporudi ilinichana mistari miwili sambamba, kama mtu kapiga rula kwa wembe. Alama ipo.

#6

Nipo siti ya mbele, naomba msimalize haraka.

#7

Mmewasahau wazee wa revolva.

.38 Special ni ya mwaka 1898, na Smith & Wesson ile tunayoiita Model 10 ilianza kutoka mwaka uliofuata. Zimetengenezwa zaidi ya milioni sita. Ndiyo maana mitumba yake haishi. Usichukue ile fupi iliyomtesa mkuu wa #2. Chukua ya mtutu wa inchi nne, inakaribia kilo nzima, fremu ya chuma kitupu. Ukiilisha risasi zile za shabaha zenye kichwa bapa, teke lake ni kama kupigwa begani na rafiki, na karatasini inakata tundu la duara safi kama la mashine ya kutobolea makaratasi ya ofisini. Huhitaji kujiuliza umepiga wapi.

Halafu ule mtihani wa mzee wa risasi za bandia, kwenye revolva haugharimu kitu. Jaza matundu matatu kati ya sita, zungusha silinda bila kutazama, ifunge taratibu. Hujui ipi italia. Baada ya wiki kadhaa mdomo wa mtutu unaacha kuinama wenyewe.

Ila mtumba wa revolva una ugonjwa wake. Mimi nikienda kutazama, naenda na karatasi nyeupe na kitambaa. Naifungua silinda, nahakikisha ni tupu, naweka karatasi nyuma ya mtutu ili iangaze mwanga ndani, nachungulia kutokea mbele. Mifereji iwe wazi na yenye makali. Nikiona pete nyeusi imezunguka ndani ya mtutu mahali pamoja, naaga. Hiyo maana yake kuna risasi iliwahi kukwama humo na nyingine ikapigwa nyuma yake.

Baada ya hapo nafunga silinda, nakoki nyundo polepole sana, huku kidole kimegusa silinda kidogo kuipa uzito. Kabla nyundo haijafika mwisho, silinda iwe imeshafungika "tak" kwenye tundu lake. Narudia kwa matundu yote sita. Ikiwa hata moja halifungiki, tundu halijakaa sawasawa na mtutu, na siku moja risasi itapalazwa ukingoni na kutema vipande pembeni. Kisha naishika silinda naivuta mbele na nyuma: kutikisika kidogo ni uzee, kugonga kama jino bovu ni kazi ya fundi, na fundi ana bei yake.

Na kidole gumba cha mkono wa pili kisikae kando ya silinda. Pale kati ya silinda na mtutu kuna mwanya, na mwanya huo unatema gesi ya moto kila unapopiga. Kwa .38 utaunguza ngozi, kwa zenye nguvu zaidi utaumia vibaya.

Mwisho, .357 Magnum inapiga pia risasi za .38 Special. Kinyume chake hapana, na ganda la .357 limerefushwa makusudi ili lisiingie. Ukiikuta .357 nzito kwa bei ile ile ya .38, chukua, ulishe .38.

#8

Mimi nilianza na "chuma cha kale cha jeshi", kwa sababu kilikuwa bei ya kutupa. Nisemeje, nilijifunza historia kuliko shabaha.

Tokarev TT-33, bastola ya zamani ya Kisovieti, ni nyembamba, tamu mkononi, inatema moto kama jiko la mafuta. Haina sefti ya kidole, yaani kizuizi cha usalama. Wenye zile za asili wanategemea nyundo kusimama nusu, jambo ambalo mgeni asilitegemee hata kidogo. Makarov, iliyoingia jeshi la Kisovieti mwaka 1951, ni afadhali mbali: sefti ipo, mtutu haucheki kwa sababu umekazwa kwenye fremu. Ila zote mbili risasi zake si zile za kila duka. Na risasi nyingi za ghala la zamani zina chumvi kwenye baruti ya kuwashia. Usipoosha mtutu kwa maji ya moto siku hiyo hiyo, kesho asubuhi unakuta kutu ya rangi ya chungwa. Mafuta peke yake hayaitoi.

Jingine ambalo nusura linigharimu: "tisa" siyo tisa moja. Kuna 9x17 (kipenyo kwa urefu wa ganda, kwa milimita), ambayo ndiyo .380. Kuna 9x18 ya Makarov. Kuna 9x19, ile ambayo kila mtu akisema "9mm" anaikusudia. Na kichwa cha Makarov ni kinene zaidi, milimita 9.27 kwa 9.01 za 9x19. Niliagiza "risasi za tisa", nikapewa za tisa, na kama nisingesoma kitako cha ganda ningelazimisha. Soma kilichochorwa kwenye mtutu, soma kilichogongwa kwenye ganda, vilingane herufi kwa herufi. Hata .22 LR na .22 Magnum ni watu wawili tofauti.

#9

Nasimamia uwanja wa shabaha kwa kazi, kwa hiyo mtanisamehe nikiwa mkali.

Bastola zote zilizotajwa humu zinafaa au hazifai kutegemea mtu. Ambacho hakitegemei mtu ni kanuni nne alizozieneza Jeff Cooper, yule askari wa majini wa Marekani aliyefungua shule ya Gunsite kule Arizona mwaka 1976. Bastola yoyote ina risasi mpaka uhakikishe mwenyewe, na ukishahakikisha, iheshimu kama inayo. Usiielekeze kwa kitu usichokuwa tayari kukiharibu. Kidole nje ya triga mpaka vilengeo vimekaa juu ya shabaha. Ijue shabaha yako na kilicho nyuma yake. Hilo la nne wenye .22 wanalidharau kwa sababu mlio ni mdogo. Kale karisasi kanakwenda zaidi ya kilomita moja.

Nitawaambia kosa la wageni ninaloliona kuliko yote. Bastola ikikwama, au risasi isipolia, mtu anageuka kuniuliza. Anageuka *na mwili mzima*, mtutu unafagia kila aliyesimama kwenye mstari, kidole bado kiko ndani. Nilishalala chini mara mbili mwaka mmoja, na sakafu yetu si safi. Geuza shingo, bastola ibaki ikitazama shabaha. Risasi isipolia, ishikilie hivyo hivyo ukihesabu mpaka thelathini, kwa sababu zipo zinazochelewa kuwaka, ndipo uitoe. Ikitoa kamlio kadogo kasikoeleweka, "puf" badala ya "pa", simama kabisa, toa kila kitu, na mtutu uchunguliwe kama kuna kitu kimekwama kabla ya risasi nyingine. Pete nyeusi ya mkuu wa #7 inazaliwa hapo.

Bei ya bastola iwe na nafasi ya vitu hivi, vinginevyo hujanunua: miwani ya kinga, viziba masikio vya kuingiza ndani na vile vya kufunika juu, vyote viwili kwa pamoja ukiwa ndani ya jengo. Sauti ya ghafla ya desibeli 140 tayari ni hatari kwa sikio, na bastola nyingi zinapita 150. Sikio likiharibika halina fundi. Kisanduku cha chuma chenye kufuli, na risasi zikae kwingine. Kama nyumbani kuna mtoto, usijidanganye kwamba juu ya kabati hapafikiki. Mtoto aliyeamua kupanda anapanda. Sheria ya mahali ulipo kuhusu kuhifadhi na kusafirisha isome mwenyewe, usisimuliwe.

Nawa mikono na uso kwa sabuni na maji ya baridi ukimaliza, kabla ya kugusa chakula. Kichwa cha risasi kina yale madini yenyewe yanayoitwa risasi, na vumbi lake linaingia mwilini.

Kuhusu mada: wanaoanza na .22 ndio ninaowaona tena baada ya mwaka. Sina takwimu, nina macho tu.

#3 (tena)

Haya, mnanizidi kwa idadi. Ila aijaribu na 9mm kamili kabla hajaamua. Viwanja vingi vinakodisha, au aombe kwa mtu. Kulipia risasi ishirini za kuonja ni rahisi kuliko kujutia bastola nzima.

#1 (Mtoa mada)

Wakuu nimerudi. Nimefuata la #3, nimekwenda kuonja. Nilipiga tatu siku moja, msimamizi akiwa begani.

Ya kwanza 9mm kamili. Haikuumiza, #3 hukusema uongo. Lakini kufikia ya kumi na mbili niligundua nasubiri mlio badala ya kutazama kinundu cha mbele. Ya pili revolva ya .38 inchi nne. Niliipenda, na ule mtihani wa matundu matatu nilifeli mbele za watu, mdomo uliinama kama kuku anayedonoa. Ya tatu .22, Buck Mark ya zamani, mpini umeng'aa kwa jasho la watu. Risasi kumi, mita kumi. Saba zilikaa mahali ningeweza kufunika kwa kiganja, tatu zilizurura. Nikaomba kumi nyingine. Halafu nyingine. Msimamizi alikuja kuniambia muda umeisha.

Kipimo cha dada wa #5 nilikifanya kwa zote. 9mm ile kidole kilifika kwa kujivuta, hizi mbili kilikaa chenyewe.

Nimechukua .22 ya mtumba, aina ile ile, magazini tatu, na pesa iliyobaki imekwenda kwenye kisanduku, masikio na katoni ya risasi. Jana risasi moja haikulia. Nilihesabu mpaka thelathini, mkono ukauma, lakini sikugeuka, #9 shahidi wako hayupo ila naapa. Nilipoitoa nikaona alama ya kugongwa ipo ukingoni, baruti ndiyo iliyokataa.

Swali moja dogo. Nyumbani naweza kufanya mazoezi ya kubonyeza ikiwa tupu? Na mafuta naweka kiasi gani? Muuzaji kanipa chupa nzima.

#2

Hongera mkuu. Kubonyeza tupu: .22 siyo kama zile kubwa. Pini yake inalenga ukingo wa ganda, na ganda lisipokuwepo kwenye baadhi ya bastola inagonga chuma cha chemba yenyewe, mwisho inachimba kishimo na risasi zinaanza kukataa. Kitabu chake cha maelekezo kinasema kama inaruhusiwa au la. Kama huna kitabu, usifanye mpaka ukipate. Kikiruhusu, risasi zibaki chumba kingine, na ulenge ukuta unaoweza kuzuia risasi, siyo televisheni.

Mafuta: tone kila upande wa reli za slaidi, futa yanayoonekana. Ile chupa itakufikisha uzeeni.

#7

Tone moja. .22 ikilowa mafuta inageuza masizi yake kuwa ugali. Na urudi kuufanya ule mtihani wa matundu matatu, revolva yangu ipo.